Mvua, jua na chumvi: mwongozo kamili wa kukinga nyumba ya tofali na mabati Pwani

Rangi ikibanduka ukutani, wenye nyumba wengi hununua rangi nyingine. Fundi anakwangua, anapiga puti, anapaka mikono miwili, na nyumba inapendeza mpaka masika yanayofuata. Kisha malengelenge yanarudi palepale yalipokuwa, juu kidogo ya sakafu au chini ya pembe ya dirisha. Rangi haikuwa na kosa. Nyuma yake kuna maji, na hakuna aliyeuliza yametoka wapi.

Mwongozo huu unahusu nyumba ya kawaida ya Dar es Salaam, Tanga, Mombasa, Bagamoyo au Mtwara: kuta za tofali za saruji za inchi sita, lipu ndani na nje, kenchi za mbao na mabati juu. Nimeuandika kwa mwenye nyumba iliyokwisha kusimama, ingawa anayejenga sasa atafaidi zaidi, maana mengi ya haya ni rahisi kabla lipu haijapigwa.

Utaratibu wa kazi ni huu, na naomba usiubadilishe: maji kwanza, kisha mvuke, kisha joto, na rangi mwisho kabisa. Ukuta uliolowa hupitisha joto kuliko mkavu, sufi ya kuzuia joto ikilowa haizuii kitu, na rangi ikipakwa juu ya unyevu hufungia tatizo ndani. Anayeanza na joto atalazimika kuirudia kazi hiyo baada ya kumaliza ya maji.

Hatua ya kwanza: soma alama za maji

Chukua mwavuli na simu, uzunguke nyumba mvua ikiwa inanyesha kwa nguvu. Piga picha mahali maji yanapotoka kwenye paa, yanapoangukia, yanaporuka na kupiga ukuta, na upande unaolowa zaidi. Masika huja Machi hadi Mei, na kadiri upepo wa kusi unavyoshika, kuta zinazotazama kusi na kusini-mashariki ndizo hupigwa zaidi. Vuli, Oktoba hadi Desemba, inaweza kulowesha upande mwingine kabisa. Kwa hiyo picha za msimu mmoja hazitoshi.

Alama zenyewe zina lugha yake. Mstari wa unyevu unaozunguka chini ya ukuta, mara nyingi usiozidi mita moja kwenda juu, ni maji yanayopanda kutoka ardhini. Doa chini ya pembe ya dirisha ni kizingiti au fremu. Doa juu, karibu na dari, ni bati, kofia ya paa au gata iliyoziba. Doa lisilojali kiangazi wala masika, karibu na bafu au jiko, ni bomba: funga mabomba yote usiku, soma mita ya maji, uisome tena alfajiri. Na ukungu mweusi nyuma ya kabati, katika chumba chenye kiyoyozi, kwa kawaida ni mvuke wa hewa uliogeuka maji.

Ukibaki na shaka, bandika kipande cha nailoni nzito, nusu mita kwa nusu mita, ukutani, uzibe kingo zote kwa gundi ya utepe. Kiache siku mbili. Matone yakiwa upande wa nailoni unaogusa ukuta, maji yanatoka ndani ya ukuta. Yakiwa upande wa chumbani, yametoka hewani. Jaribio hili dogo limewaokoa watu wengi na gharama ya dawa ambazo hawakuzihitaji.

Kwa maji ya mvua, tumia mpira wa bustani siku ya jua. Anza chini ya ukuta, mwagia dakika kumi, mtu akiwa ndani anatazama. Panda kidogo, dakika kumi tena. Ukianza juu, maji yatateremka juu ya kila kitu na hutajua yalipoingilia.

Hatua ya pili: paa na maji yake

Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita za mraba 120 likipata milimita 50 kwa siku moja ya masika linamwaga lita 6,000. Ndiyo maana urefu wa ukingo wa paa nje ya ukuta unazidi ubora wa rangi yoyote. Sentimeta 60 ni kiwango cha chini, 90 ni bora. Ukuta usiopigwa na mvua hauhitaji dawa.

Kagua mabati mwenyewe au na fundi, mkikanyaga juu ya papi tu, yaani mbao zinazoshikilia bati. Kwa bati la migongo, msumari hukaa mgongoni, wala si kwenye bonde ambako maji yanapita. Mpishano wa pembeni uwe migongo miwili, na mdomo wake usitazame upande mvua inakotoka. Mpishano wa juu na chini uwe sentimeta 15 kwa paa lililosimama, na 20 au zaidi kwa paa lililolala, kwa sababu maji hupenya na kupanda katikati ya mabati mawili yaliyogusana. Msumari ulioliwa na kutu uutoe, uweke skrubu nene zaidi yenye washa ya mpira. Lami iliyopakwa juu ya msumari mbovu hupasuka kwa jua, kisha huficha tundu.

Karibu na bahari chumvi hula zinki haraka, kwa hiyo bati lililopakwa mchanganyiko wa alumini na zinki hudumu zaidi. Kumbuka pia kwamba namba ya geji ikipanda bati linakuwa jembamba: geji 30 ni nyepesi kuliko 28. Na bati likatwe kwa mkasi wa bati. Grenda, mashine ya diski ya kukatia chuma, huunguza zinki kwenye mkato, na cheche zake zikitua juu ya mabati mengine huanzisha kutu.

Kama paa lako ni la asbesto la zamani, usilitoboe, usilikate na usilisugue kwa brashi. Nyuzi zake zikiingia mapafuni ni hatari. Kuling'oa ni kazi ya watu wenye vifaa na mafunzo.

Sasa, paa la kuficha. Najua linapendwa, na kila mtaa mpya una nyumba zenye ukuta uliopanda juu kuficha mabati. Sipendi paa hili Pwani. Linaondoa ukingo uliokuwa unakinga ukuta, na linakusanya maji yote kwenye gata ya ndani iliyo juu ya vyumba, ambapo majani machache yakiziba tundu maji hayana pa kwenda ila darini. Kama tayari unalo, fanya haya. Kichwa cha ukuta ule kiinamie ndani, upande wa paa, na kifunikwe kwa bati au zege lililotokeza sentimeta nne au tano kila upande. Flashi ya bati, yaani ukanda unaofunika kiungo cha paa na ukuta, ipande ukutani angalau sentimeta 15, iingizwe kwenye mchoro uliochimbwa ukutani, kisha izibwe. Toboa tundu la dharura ukutani, chini kidogo ya kiwango ambacho maji yangeanza kuingia ndani: siku maji yakitoka hapo utajua gata imeziba. Na gata isafishwe kabla ya vuli na kabla ya masika, bila kungoja ivuje.

Gata ya kawaida iteremke nusu sentimeta kwa kila mita. Kwa bomba la kushusha maji, kipimo rahisi ni sentimeta moja ya mraba ya tundu kwa kila mita moja ya mraba ya paa, hivyo paa la mita 120 linataka mabomba mawili ya inchi nne. Maji hayo yaende kwenye tangi au mbali na msingi. Bomba linalomwaga miguuni pa ukuta linaleta shida ya hatua inayofuata.

Hatua ya tatu: maji ya ardhini na chumvi

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Tofali la saruji limejaa vitundu vyembamba, na maji hupanda ndani yake kama mafuta yanavyopanda katika utambi wa kibatari. Tundu likiwa jembamba zaidi, maji hufika juu zaidi. Kokoto kubwa haziwezi kupandisha maji kwa sababu nafasi kati yake ni pana, ndiyo maana huwekwa chini ya jamvi, yaani zege la sakafu. Karatasi ya kuzuia unyevu (DPC), inayolazwa juu ya msingi kabla ya tofali la kwanza la ukuta, hukata njia hiyo kabisa. Inatakiwa kuwa angalau sentimeta 15 juu ya ardhi ya nje.

Nyumba nyingi zinazopanda maji zina DPC nzima. Iliyoharibika ni nafasi ile ya sentimeta 15. Mwenye nyumba ameweka vitofali vya uani vikapandisha uwanja, au amejaza udongo wa maua ukutani, au fundi ameshusha lipu ya nje hadi ardhini, na maji sasa yanapanda kwa kupitia lipu huku karatasi ikiwa nyuma yake. Anza hapo, kwa kuwa gharama yake ni jembe na patasi. Ondoa udongo hadi chini ya DPC. Kata lipu ya nje kwa mstari ulionyooka ili iishie sentimeta 15 juu ya ardhi. Lainisha uwanja uteremke sentimeta tano kwa kila mita, kwa mita mbili au zaidi kutoka ukutani. Kisha zungushia nyumba ukanda wa zege au wa kokoto, upana wa sentimeta 60 hadi 90, ili matone yakianguka yasirushe tope ukutani.

Nyumba isiyo na DPC kabisa inaweza kusaidiwa kwa kutoboa matundu kwenye udongo wa saruji kati ya tofali, kila baada ya sentimeta 10 hadi 12, na kujaza krimu ya sileni inayofanya vitundu vikatae maji. Inafanya kazi, ila kwa ukuta usio na mashimo ndani, na baada ya uwanja kurekebishwa.

Halafu chumvi. Ukuta uliojengwa kwa mchanga wa ufukweni una adui ndani yake. Chumvi ya kawaida huvuta maji ya hewa na kuyeyuka unyevu wa hewa ukipita asilimia 75 hivi, na Pwani hewa hufika hapo asubuhi nyingi. Mchana jua linakausha, chumvi inarudi kuwa fuwele, na fuwele inapokua ndani ya vitundu inasukuma lipu mpaka inabomoka unga. Ukuta wa namna hii unalowa hata bila tone la mvua.

Kuuosha kwa maji kunairudisha chumvi ndani. Ondoa lipu iliyoharibika hadi nusu mita juu ya alama ya mwisho. Uache ukuta wazi katika kiangazi kizima kama unaweza, ukiupiga brashi kavu kila wiki na kuondoa unga unaoanguka, usiachwe chini ya ukuta. Kisha piga lipu mpya ya mchanga wa mtoni uliooshwa, kwa kipimo cha saruji moja, chokaa moja, mchanga sita. Lipu yenye chokaa hupumua, hukubali kukauka, na haipasuki ovyo. Usikubali fundi akuwekee saruji nyingi au dawa nzito ya kuzuia maji upande wa ndani: maji yaliyokuwa yanakauka chini yatapanda kuipita dawa na kutokea juu zaidi.

Rangi ya mafuta inayopakwa kama mkanda chini ya ukuta wa nje, ya kahawia au nyeusi, ili kuficha tope, ina madhara hayohayo. Inafunga mahali ukuta ulipokuwa unapumulia.

Ukiona lenta au nguzo imepasuka kwa kufuata mstari wa nondo, na kutu inachuruzika, acha mwongozo huu, umwite mhandisi. Chumvi imefika kwenye chuma, na chuma kikishika kutu huvimba na kupasua zege.

Nyumba za mawe ya matumbawe, kama zile za Mji Mkongwe wa Zanzibar na Lamu, zina kanuni kali zaidi. Zilijengwa kwa chokaa, kuta nene za karibu nusu mita zinazolowa kidogo na kukauka kidogo pande zote mbili. Lipu ya saruji juu yake huwa ngumu kuliko ukuta wenyewe: inapasuka, inanyonya mvua kupitia ufa, kisha inazuia isitoke. Zikarabatiwe kwa chokaa tu.

Hatua ya nne: nyufa na madirisha

Ufa mwembamba kama unywele kwenye lipu uzibe kwa puti ya nje inayonyumbulika. Ufa unaopanda kimshazari kutoka pembe ya dirisha uwekee alama za penseli na tarehe kwenye ncha zake, usubiri miezi mitatu. Usiposogea, ufungue kidogo, uzibe, uweke wavu wa nyuzi juu kabla ya lipu. Ukisogea, au ukipita milimita tano, huenda tatizo liko kwenye msingi wa nyumba.

Kizingiti cha chini cha dirisha kiinamie nje na kitokeze sentimeta nne au zaidi. Chini yake kichimbwe mfereji mdogo wa sentimeta moja, kwani maji hushikamana na uso wa chini wa zege na kutambaa kurudi ukutani, na mfereji ule huyaangusha.

Dirisha la alumini lina vitundu vidogo nje, chini ya reli, vya kutoa maji. Mara nyingi fundi wa rangi huviziba kwa silikoni akidhani anazuia mvua, na reli hujaa hadi maji yanamwagika ndani. Vifungue. Silikoni hukaa juu na pembeni mwa fremu.

Hatua ya tano: mvuke, hasa penye kiyoyozi

Hewa ya nyuzi 30 za Selsiasi yenye unyevu wa asilimia 75 hugeuka maji inapogusa kitu chenye nyuzi 25 hivi au chini ya hapo. Chumba kilichopozwa hadi nyuzi 20 kina kuta baridi kuliko hapo, na kila ufa unaoingiza hewa ya nje unaingiza maji. Ziba tundu la bomba la kiyoyozi, nafasi kati ya dari na ukuta, na kingo za mlango. Pandisha kiyoyozi hadi nyuzi 25 au 26 na uongeze feni. Kabati lisogezwe sentimeta chache kutoka ukuta wa nje.

Jihadhari na video za ujenzi kutoka Canada au Norway. Kule joto na unyevu viko ndani ya nyumba, ndiyo maana huweka nailoni upande wa ndani wa ukuta. Kwetu hewa yenye mvuke iko nje. Nailoni, karatasi ya ukutani ya plastiki au rangi ya mafuta upande wa ndani wa chumba chenye kiyoyozi hukusanya maji nyuma yake, na ukungu huota humo bila wewe kuuona.

Nyanda za baridi kama Njombe na Makete, mvuke wa jikoni na wa pumzi hupanda usiku na kuganda kuwa matone chini ya bati, na watu hudhani paa linavuja. Dawa yake ni matundu ya hewa kwenye ukingo na kileleni.

Hatua ya sita: joto

Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Jua hupita juu ya utosi mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na karibu tarehe 10 Oktoba, na mwaka mzima paa ndilo linalobeba mzigo mkubwa. Kuta za kaskazini na kusini hukingwa na ukingo wa paa kwa sababu jua linalozifikia liko juu. Ukuta wa magharibi ndio mgumu: saa kumi alasiri jua limeshuka, linapita chini ya ukingo, linaupasha ukuta, na ukuta unautoa moto huo chumbani usiku mnapolala.

Kwanza, rangi nyeupe ya paa, ikiwa safi, hurudisha zaidi ya asilimia 70 ya nguvu za jua. Bati jeusi au la kijivu cheusi hunyonya karibu zote. Kama bado hujanunua mabati, rangi hafifu ni kinga utakayoilipia mara moja tu.

Pili, ruhusu hewa ya darini itoke: matundu yenye wavu chini ya ukingo na mengine juu karibu na kileleni. Tatu, foili ya kuakisi joto chini ya mabati. Foili huzuia mionzi ya joto ikiwa tu uso wake unaong'aa umetazamana na nafasi ya hewa ya sentimeta mbili na nusu au zaidi. Ikibanwa kati ya bati na ubao hupitisha joto kama bati lenyewe. Uso unaong'aa uelekee chini, maana ukielekea juu vumbi huufunika. Na kwa kuwa ni chuma, iwe mbali na nyaya za umeme zilizo wazi.

Nne, penye kiyoyozi, tandika sufi ya kioo ya sentimeta 10 juu ya dari. Huzuia joto sawa na zege la mita mbili na nusu au zaidi. Vaa barakoa, glavu na mikono mirefu. Stairofomu nayo huzuia joto vizuri, lakini huwaka kwa moshi wenye sumu, kwa hiyo isiachwe wazi ndani ya dari.

Kuta je? Kama nyumba yako inaishi kwa upepo wa madirisha, usitumie fedha kuzivisha kihami joto. Tia kivuli upande wa magharibi: baraza, mti, au mmea unaotambaa kwenye wavu uliosimama mbali na ukuta ili usilete unyevu. Ukuta uvishwe pale tu chumba kinapopozwa kwa kiyoyozi muda mwingi, na kihami kiwe upande wa nje.

Hatua ya saba: rangi

Lipu mpya isubiri wiki nne au zaidi, baada ya kumwagiliwa wiki ya kwanza. Rudia jaribio la nailoni. Matone yakionekana upande wa ukuta, subiri tena. Kwa nje chagua rangi ya maji inayopumua, ya akriliki au ya silikati, na kwa ukuta wa matumbawe paka chokaa. Miezi ya Juni hadi Septemba inafaa zaidi, paka asubuhi upande ambao jua halijafika. Mwezi Februari panda tena kwenye paa, ukaze skrubu, usafishe gata, na utazame kama mtu amepandisha udongo ukutani.